Hereni ya Upande Mmoja

Mimi hula kwa maneno. Natafsiri vitabu vya mafunzo: vya mafundi bomba, vya wafuga nyuki, vya umeme wa majumbani. Mwaka ule nilipewa kitabu cha wakunga, nikafika ukurasa wa sitini na moja bila kutoka jasho, nikaanza kujisifu moyoni. Hapo ndipo nilipokutana na kitenzi kimoja cha Kiingereza, "auscultate".

Ni neno la madaktari. Wenye Kiingereza chao wenyewe, wengi wao, huzaliwa na kuzikwa bila kulitamka. Maana yake ni kusikiliza yaliyomo ndani ya mwili wa mtu, kwa sikio au kwa chombo. Rahisi, eti? Nikaandika "kusikiliza". Nikafuta. Kusikiliza hata mbuzi anasikiliza. Nikaandika "kusikiliza kwa chombo". Nikafuta tena, maana redio nayo ni chombo. Mwisho nikachoka, nikalichukua neno la watu nikalivisha nguo zetu: "kuaskalti". Mhariri wangu, mtu asiye na subira hata ya chai kupoa, akaniandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hii ni dawa ya minyoo?"

Nikamwendea Shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka kumi. Wakati ule alikuwa na miaka thelathini na moja ya ukunga, yote katika zahanati moja, chumba kimoja, kitanda kimoja. Akina mama wa mtaani hawakumwita kwa jina. Walisema, "Nenda kwa yule wa hereni moja." Wiki yake ya kwanza kazini aliona hereni ya kushoto inagonga kile chombo cha kusikilizia mtoto tumboni, akaivua. Hakuivaa tena. Tundu likaziba lenyewe, na ile ya kulia akaendelea nayo, ndogo ya dhahabu, kwa sababu, alisema, sikio la kulia halikuwa na kazi na lazima lipambwe na kitu.

Chombo chenyewe wahudumu hukiita fetoskopu. Ni kipembe kifupi chenye uwazi katikati. Mdomo mpana unawekwa tumboni mwa mama, na upande wa pili, ulio bapa, mkunga anaweka sikio. Alichopewa kwanza kilikuwa cha bati. Kilikuwa cha baridi, na kila mama aliyeguswa nacho aliruka. Siku moja seremala akaja kurekebisha mlango wa zahanati, akaona mama anaruka. Baada ya siku tatu akarudi na kipembe cha mti alichokikereza kutoka mguu wa meza. "Huu mti haushtui," akasema. Halafu akarudi kuuliza kama kinafanya kazi. Akarudi kuuliza tena. Shangazi alihesabu mara kumi na moja, na mara ya kumi na mbili alikuja na wazee wake. Seremala yule ametangulia mbele ya haki miaka sita sasa, lakini kipembe kilikuwa bado kwenye mkoba wa Shangazi, kimefungwa kwenye kitambaa, kimeng'aa kwa mashavu ya miaka yote ile.

Nilimkuta sebuleni, Jumamosi mchana, akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda? Mkamwana wangu hakulishi, au maneno ndiyo yanakula wewe? Njoo ukae huku."

Akaniwekea kiti upande wake wa kulia. Katika nyumba ile kiti changu siku zote kilikuwa kushoto kwake, karibu na dirisha. Nikadhani ananiepusha na jua. Mimi ninayejiita mtu wa kuchunguza maneno sikuchunguza kiti.

Nikamweleza shida yangu. "Sema tena," akasema, akigeuza shingo. Nikasema tena.

"Kuaskalti." Akacheka mpaka mchele ukaruka. "Hilo neno lina mafua, mwanangu. Lipe maji ya moto likalale. Sasa, unataka jina au unataka kazi yenyewe?"

"Nataka vyote."

"Basi lala hapo."

Nikalazwa kwenye kochi, mzee mzima na ndevu zangu, na mto ukawekwa juu ya tumbo. "Leo una wiki thelathini na mbili," akasema. "Usicheke, utamwamsha mtoto."

Akaanza kunifundisha, na nikiri kwamba katika maisha yangu sijafundishwa kitenzi namna ile. Kwanza alisugua viganja mpaka vikapata joto. Akapapasa mto pande zote mbili, polepole, akitafuta mgongo wa mtoto, kwa sababu moyo husikika vizuri zaidi mgongoni kuliko kwenye vikono na viguu. Akaweka kipembe. Akainama, sikio la kushoto likagusa mti. Kisha akaachia mikono yote miwili, kipembe kikabaki kimesimama kati ya sikio na mto.

"Mikono mbali," akasema. "Kidole kikigusa mti kinasema. Na wewe hukuja pale kusikiliza kidole chako."

"Halafu?"

"Halafu ndiyo kazi." Akanishika mkono wangu, vidole vitatu juu ya mshipa. "Unamshika mama hapa. Unasikiliza huku, unashika huku. Vishindo vinavyokwenda pamoja ni vya mama. Unamsikia mama, unadhani ni mtoto. Hamisha kipembe, tafuta tena. Mpaka usikie kimoja kinakwenda na unashika kingine kinakwenda, na havifanani. Hapo uhesabu dakika nzima. Si nusu dakika ukazidisha mara mbili, wewe si mwenye duka."

Kisha akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia.

Alipokuwa na mwaka mmoja tu kazini, alikuja mama mwenye homa na hofu, moyo wake unakwenda mbio. Shangazi akaweka kipembe, akasikia mapigo ya haraka, mia na ishirini, akamwambia mama yule, "Mtoto mzima kabisa," akaandika kwenye kadi. Nusu saa baadaye mkunga mkuu akamrudisha mama yule kutoka benchini, akachukua mkono wa Shangazi akauweka juu ya mshipa wa mama. Mia na ishirini. Ulikuwa moyo wa mama mwenyewe. Wa mtoto ulikuwa umesimama tangu siku mbili nyuma.

"Nisingemwokoa," Shangazi akasema. "Alikuwa ameshakwenda. Lakini mama yule alitoka kwangu anatabasamu, mwanangu. Nilimpa nusu saa ya uongo. Tangu siku ile sijasikiliza tumbo la mtu mkono wangu ukiwa mtupu. Kwa hiyo andika hivi kwenye kitabu chako: ni kusikiliza huku hujiamini."

Nikaandika. Nilipokuwa naaga akasema, akikunja kitambaa cha kipembe, "Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Wana mtindo siku hizi, ukizeeka wanakupeleka dirishani kugawa kadi. Mimi wakinitoa chumba kile, wanizike tu." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumanne ilikuwa siku ya kliniki ya mke wangu. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, hatishwi na kitu duniani ila mende, na mimba ile ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza hazikufika miezi mitano. Hii ilikuwa imefika wiki thelathini na mbili, na nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kununua hata soksi ya mtoto. Kila mwezi tulikuwa tunaishi kwa namba moja tu, ile anayoandika Shangazi kwenye kadi.

Safari ile niliomba niingie, nione kazi kwa macho kwa ajili ya kitabu. Mke wangu akakubali. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimepakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa bega, saa ya ukutani juu ya mlango, kitanda kimekaribiana na ukuta, kichwa dirishani. Mama aliyekuwa mbele yetu alikuwa anaona haya kufunua tumbo, na Shangazi alikuwa anamwambia alivyowaambia wote: "Mficha uchi hazai, mama. Funua."

Zamu yetu ikafika. Mke wangu akalala. Shangazi akasugua viganja, akapapasa. "Mgongo huu hapa. Mtoto kakaa vizuri kuliko baba yake." Akaweka kipembe, akainama na sikio la kushoto, mikono mbali, vidole vitatu juu ya mshipa wa mke wangu, macho kwenye saa.

Dakika ikapita. Akahamisha kipembe kidogo kuelekea kitovu. Dakika ya pili ikapita. Akahamisha tena, akakandamiza zaidi. Nilianza kusikia saa ya ukutani, na sikuwa nimeisikia tulipoingia. Mke wangu alinitazama mimi, kisha akatazama dari.

Shangazi akainuka. Akachukua kalamu, akavuta kadi. Kwenye kadi kulikuwa na safu ya visanduku, na ndani yake mwandiko wake: 140, 142, 138. Kisanduku cha leo kilikuwa kitupu. Mtoto alikuwa amecheza asubuhi ile ile pale kwenye benchi, mke wangu alimweleza mwenyewe. Tumbo limekua, mgongo umeonekana, kila kitu kilisema yuko salama. Mtu yeyote angeandika 140. Mimi ningeandika, naapa, ningeandika ili tu uso wa mke wangu urudi kama ulivyokuwa. Nikaiona ncha ya kalamu inagusa karatasi, inaweka nukta.

Akaiweka kalamu chini.

"Sijasikia," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Sijui kama ni yeye au ni mimi. Tulia hapo hapo, usiinuke."

Akagonga ukuta kwa kiganja. "Mwenzangu! Njoo, na masikio yako!"

Akaingia muuguzi wa chumba cha chanjo, mwanamke mnene mcheshi, akamtazama Shangazi usoni akaacha kucheka. Akachukua kipembe kile kile, akakiweka pale pale. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda. Nasema kweli, muda ule nilimchukia Shangazi. Nilimchukia kwa kutosema uongo.

Muuguzi akanyoosha kidole akaanza kugonga nacho juu ya meza, harakaharaka, bila kuinua kichwa. Ta-ta-ta-ta. Akagonga hivyo dakika nzima.

"Mia na arobaini na nne," akasema. "Huyu si mtoto, ni mkimbiaji."

Mke wangu akalia. Mimi nikatazama nje ya dirisha, nikahesabu matofali ya ukuta wa jirani, maana mwanamume naye ana namna yake ya kulia. Nilipogeuka, Shangazi alikuwa anahangaika na sikio lake la kulia. Akaivua ile hereni ya dhahabu.

"Shika," akaniambia, akaniwekea kiganjani.

Akainama tena juu ya tumbo, safari hii kwa sikio la kulia. Ilimbidi azunguke, ajikunje kwa shida kati ya kitanda na ukuta, akagonga kiwiko. Akaachia mikono. Akatafuta mshipa wa mke wangu kwa mkono usiouzoea. Alikaa hivyo muda mrefu sana.

"Lo," akasema taratibu. "Yuko. Yuko upande huu."

Kisha akaketi kwenye stuli, kipembe mapajani, na kwa mara ya kwanza nikamwona amezeeka.

"Tangu lini, dada?" muuguzi akauliza.

"Tangu mvua zilipoanza. Nilidhani ni nta. Nikakamua ndimu, nikatia mafuta ya joto. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili limeshakufa, tulizike." Alijaribu kucheka. "Ndiyo maana nilikuwa nakuita kila mara, eti njoo uhakikishe. Hukushangaa?"

"Nilidhani unanipima mimi."

Nikakumbuka kiti changu kilichohamishwa, na shingo iliyogeuka, na "sema tena". Hasira yangu yote ikanigeukia mwenyewe.

Alichofanya baadaye hakuna aliyemlazimisha. Hakusubiri zamu iishe. Aliosha uso, akatembea mpaka ofisi ya matroni, nami nikamfuata nyuma kwa sababu hereni yake ilikuwa bado kiganjani mwangu na sikujua niifanye nini. Matroni yule alikuwa mwanafunzi wake zamani, na mpaka leo akimwona Shangazi husimama. Akasimama.

"Kaa, mwanangu," Shangazi akamwambia. "Kila siku nawaambia akina mama mficha uchi hazai. Leo zamu yangu. Sikio langu la kushoto halisikii. Namba nisiyoisikia sijaiandika. Lakini kuna kadi nne za wiki mbili hizi, niliandika kwa kuwa nilidhani nimesikia. Sasa sijui nilisikia nini. Nataka waitwe."

Akazitaja zote nne kutoka kichwani: wa nyumba ya nyuma ya kiwanda cha sabuni, mke wa dereva wa lori, yule ambaye dada yake ana mapacha, na msichana wa duka la vitambaa. Matroni akaandika yote. Waliitwa wote, wakaja, wakasikilizwa na mtu mwingine. Wazima, wote wanne. Nilipompigia Shangazi kumpa pole na hongera kwa pamoja, aliniambia hajala tangu Jumanne na sasa anakwenda kula, nimwache.

Dirisha la kadi lilikuwa linamngoja, na alijua. Hospitali kubwa walimpima wakasema la kushoto halirudi, la kulia ni zima kama la msichana. Matroni akafikiri siku tatu, kisha akatoa hukumu: mwezi mmoja, kila mama atakayemsikiliza asikilizwe tena na mwingine, bila wao kuambiana namba mpaka wote wameandika. Zikipishana sana, aende dirishani.

Basi mwanamke wa miaka hamsini na minane akaanza shule upya. Usidhani ni jambo dogo. Shingo yake ilikuwa imezoea kupinda upande mmoja kwa miaka thelathini na moja, ikauma mpaka akalala na kitambaa cha maji ya moto. Mkono wa kushika mshipa nao haukuwa ule aliouzoea. Wiki ya kwanza alikosea mara mbili, akaja kwangu kunieleza kwa sauti ya mtoto aliyefeli imla. Mwishowe wakakigeuza chumba: kitanda kilichokaa kichwa dirishani tangu zahanati ijengwe kikageuzwa, miguu dirishani. Mafundi waliokivuta walikuta sakafu chini yake nyekundu kama ilivyopakwa siku ya kwanza.

Mwezi ukaisha. Sikumuuliza. Alikuja mwenyewe nyumbani, akagonga mlango kwa fujo, akasimama kizingitini na kugeuza kichwa kulia na kushoto kama anayepigwa picha. Sikio la kulia lilikuwa tupu. La kushoto lilikuwa limevimba, jekundu, na ndani yake ile hereni ya dhahabu.

"Nimetobolewa jana," akasema. "Nimepiga kelele, mwanangu! Akina mama wote wanaozalia kwangu ningewaomba radhi. Lakini hili halina kazi tena, lazima lipambwe na kitu."

Mke wangu akamkumbatia, tumbo likiwa kati yao.

Kuhusu kitenzi changu, niliandika maelezo ya mistari minane. Mhariri akayakata yakabaki "kusikiliza mwili", na sikugombana naye sana. Niligombana kwa jambo moja tu, tanbihi ya chini ya ukurasa, ambayo aliifuta mara mbili na mara mbili nikairudisha mpaka akachoka yeye: "Mshike mama mkono kwanza."

Wiki moja kabla ya mke wangu kujifungua tulikwenda kliniki kwa mara ya mwisho. Shangazi akahesabu, muuguzi wa chanjo akahesabu, wakaandika kila mmoja kwenye kikaratasi chake, wakafunua: mia na arobaini na mbili, mia na arobaini na mbili. Kadi bado ilikuwa haijajazwa. Shangazi akanipa kipembe.

"Njoo, bwana maneno. Leo si mto."

Nikainama. Mti ulikuwa na joto la sikio lake. "Mikono mbali," akasema, nikaachia. "Sasa mshike mwenzio." Nikashika mkono wa mke wangu, nikautafuta mshipa kama alivyonifundisha kwenye kochi. Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha, mbali, nikasikia kama mtu anabisha hodi kwa haraka nyumba ya pili, hapumziki, hachoki.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Ni wa nani?"

Chini ya vidole vyangu moyo wa mke wangu ulikuwa unakwenda taratibu, mmoja, na ule mwingine umeshapiga karibu mara mbili. Nikasikiliza dakika nzima, kwa sababu mimi si mwenye duka.

"Si wa mama yake," nikasema.

Shangazi akaniwekea kalamu mkononi, akasogeza kadi.

"Basi andika."